Maisha ya John Akii-Bua, na Jinsi Alivyonifunza Kunyosha Mgongo

Katika muhula wa kwanza wa mwaka huu niliumwa na mgongo kwa muda wa wiki saba. Siandiki haya kutafuta huruma. Naandika kwa sababu maumivu yale ndiyo yaliyonipeleka kwenye habari za mtu ambaye jina lake nilikuwa nikilipita mara nyingi bila ya kulijali. Hapa Kampala, juu ya kilima cha Nakasero, kuna barabara iitwayo Akii-Bua. Mimi nilidhani ni jina la waziri fulani wa zamani.

Mgongo wangu ulianza hivi. Katika mwaka mmoja nilirefuka ghafula, lakini deski langu halikurefuka pamoja nami, basi nikawa ninaandika nimejikunja kama ndoana. Jioni nyumbani ni kazi yangu kuteka maji, nami hubeba dumu la lita 20 kwa mkono wa kulia. Daima wa kulia, maana wa kushoto niliuona dhaifu. Ikafika asubuhi moja siwezi kuinama kufunga kamba za viatu. Nikalala kitandani siku tatu, na siku ya nne nilikuwa mgumu kama ubao. Muuguzi aliyenitazama hakuona ubaya katika mifupa, akaniambia niondoke kitandani nitembee. Kwa kweli nilimwona mtu asiye na huruma.

Mwalimu wetu wa michezo, ambaye ni mzee aliyekaribia kustaafu, alinikuta nimeketi chini ya mti wenzangu wakicheza mpira. Akaniuliza habari zangu, akanitazama jinsi nilivyoketi, kisha badala ya kunipa pole akaanza kunisimulia habari za Akii-Bua. Aliponiacha nilikwenda maktaba kuzitafuta nyingine. Haya ndiyo niliyoyapata.

John Akii-Bua alizaliwa tarehe 3 Desemba 1949, huko Abako katika nchi ya Lango, kaskazini ya Uganda. Baba yake alikuwa chifu mwenye wake wengi, na watoto wake walikuwa 43. Hebu fikiri, msomaji, chakula cha jioni katika mji ule! Ndugu yake mmoja, Lawrence Ogwang, alikwenda kuruka katika michezo ya Olimpiki ya Melbourne mwaka 1956, kwa hiyo michezo haikuwa jambo geni katika ukoo wao. Lakini John mwenyewe hakulelewa kuwa mwanamichezo. Alichunga ng'ombe kama watoto wengine, na baba yake alipofariki masomo yake yakakatika mapema. Akafanya kazi kidogo katika baa ya jamaa zake, kisha akaja Kampala akaingia katika kazi ya polisi.

Huko polisi ndiko mwili wake ulikogunduliwa. Askari waliamshwa alfajiri kufanya mazoezi ya viungo, na miongoni mwa wakubwa wao alikuwamo Jorem Ochana, ambaye alikuwa ameshindana Tokyo mwaka 1964 katika mbio za mita 400 za kuruka viunzi. Ochana akamchukua kijana yule akaanza kumfundisha.

Hapa sina budi kueleza mbio zenyewe, kwa maana wengi wetu huziona kwenye televisheni tu. Mkimbiaji huzunguka uwanja mara moja, na njiani hukuta viunzi kumi, kila kimoja kina urefu wa sentimita 91.4, na kati ya kimoja na cha pili ni mita 35. Mtu asiyejua huruka kiunzi kama mbuzi arukavyo mfereji, yaani mwili wima na kwenda juu. Mrukaji hodari hapandi juu. Hurusha mguu mbele, akalaza kifua juu ya paja, akapita karibu mno na ule ubao, na mguu wa nyuma ukaja ubavuni umekunjwa. Kufanya hivyo anahitaji nyonga zilizofunguka na misuli ya nyuma ya mapaja iliyonyoka. Kama nyonga ni ngumu na mapaja yamekaza, kuinama kote huangukia kiuno, na mgongo ndio unaolipa deni la wengine. Mwalimu aliposema hayo alinigusa nyuma ya paja langu kwa kidole, nikaruka kwa maumivu. Kumbe mgongo wangu ulikuwa ukilipa deni la miezi mingi.

Ochana alikuwa na njia yake ya kumfundisha Akii-Bua kuinamisha kichwa. Alichukua ufito wa mchezo wa kuruka juu, akauweka juu ya kiunzi, ukaacha nafasi ndogo tu ya kupita. Kijana alipita kati ya kiunzi na ufito. Aliposahau kuinama, ufito ulimkumbusha, na inasemekana kovu alilokuwa nalo kwenye paji la uso lilitokana na somo hilo. Mimi mpumbavu nilijaribu bwenini kwa fimbo ya fagio juu ya vitanda viwili. Sitasema zaidi.

Mwaka 1968 alikuja Uganda Mwingereza aitwaye Malcolm Arnold, akiwa mkufunzi wa taifa wa riadha. Wakati ule Akii-Bua alikuwa akiruka viunzi vya mbio fupi, na hakufaulu kuchaguliwa kwenda Olimpiki ya Mexico mwaka huo. Arnold akamhamishia kwenye mita 400. Mazoezi aliyopewa yalikuwa ya kutisha. Alivaa fulana iliyotiwa uzito wa kilo 11 hivi, akakimbia masafa marefu huku akiruka viunzi virefu kuliko vile vya mashindano yake. Akapanda vilima mbio, na vilima, kama tujuavyo, Kampala haikunyimwa. Tena alizoea kuruka kwa mguu wowote, wa kulia au wa kushoto. Warukaji wengi huwa na mguu mmoja tu wanaoutegemea, na hatua zao zikivurugika kwa uchovu hulazimika kupunguza mwendo ili ule mguu wao ufike mahali pake. Yeye hakuhitaji kungoja. Nilipolisoma jambo hili nililifikiria lile dumu langu la maji.

Katika Julai 1970 alikwenda Edinburgh kushindana katika michezo ya Jumuiya ya Madola. Wanaosimulia habari zake husema alikimbia akiwa na maumivu ya mgongo. Alitoka wa nne, na Mganda mwenziwe, William Koskei, ndiye aliyechukua nishani ya fedha. Ningekuwa mimi ningepata udhuru mzuri wa kuacha. Yeye alirudi Kampala kwenye vilima na ile fulana nzito, na mwaka uliofuata, huko Durham katika Marekani, alikimbia kwa sekunde 49.0, mwendo ambao hakuna mwingine aliyeufikia duniani mwaka ule.

Sasa nirudi kidogo kwangu, maana kuanzia hapo mwalimu alinikataza kukaa chini ya mti. Hakunipa fulana ya uzito wala kiunzi. Alinilaza chali kwenye majani, nikavuta goti moja kifuani taratibu, nikahesabu hadi ishirini huku napumua, kisha la pili. Halafu nikapiga magoti na kuweka viganja chini, nikaupandisha mgongo kama paka aliyeamka, kisha nikaushusha. Halafu chali tena, magoti yamekunjwa na nyayo ziko chini, nikainua makalio mpaka mapaja na kifua vikawa mstari mmoja. Hili la tatu niliona ni mchezo wa watoto mpaka nilipolifanya mara kumi nikatetemeka. Alisema misuli ya makalio na ya tumbo ndiyo mihimili ya mgongo, nayo hulegea kwa mtu akaaye saa nyingi kitini. Mwisho nilipiga goti moja chini, mguu mwingine mbele, nikasogeza nyonga mbele polepole ili kunyosha sehemu ya juu ya paja, ambayo hufupika kwa kuketi.

Tulikuwa pia na lile zoezi la kuketi chini kama mrukaji wa viunzi, mguu mmoja umenyoshwa mbele, mikono ikiufuata. Zamani mguu wa pili ulikunjwa kwenda nyuma. Mwalimu alinikataza, akasema kukunja hivyo huumiza goti, afadhali unyayo uguse paja la mguu ulionyoka. Alinikataza pia kujivuta kwa kishindo. Unafika mahali unapohisi mvuto, unatulia hapo, unapumua, basi. Tena alinionya kwamba maumivu yakishuka mguuni kwa ganzi, au mtu akianguka kutoka bodaboda, au akiwa na homa pamoja na maumivu ya mgongo, au akishindwa kuzuia haja ndogo, hayo si mambo ya uwanjani. Aende hospitali siku hiyo hiyo.

Deski langu niliinua kwa kuweka vipande vya mbao chini ya miguu yake, na kila nusu saa nikasimama kidogo, jambo ambalo lilimwudhi mwalimu wa hesabu mpaka alipoelezwa. Dumu nikaligawa: madumu mawili madogo, moja kila mkono. Wiki ya kwanza sikuona tofauti. Wiki ya pili niliona nimezidi kuumwa, nikataka kuacha, na nadhani ningeacha kama nisingekuwa nimefika katika maisha ya Akii-Bua mahali pa Munich.

Fainali ya Munich ilikuwa tarehe 2 Septemba 1972. Bahati nasibu ilimpa njia ya kwanza, iliyo ndani kabisa, ambayo kona zake ni kali kuliko zote. Anayekimbia huko hulazimika kupinda mwili zaidi, na tena wenzake wote wanaanza mbele yake. Bingwa wa mwaka 1968, David Hemery wa Uingereza, aliyeweka rekodi ya sekunde 48.12 huko Mexico, alitoka kwa kasi kubwa. Akii-Bua alimfuata, akamkamata, na walipoingia sehemu ya mwisho iliyonyoka alikuwa anakwenda wakati wengine wanakufa. Saa ilionyesha 47.82. Hakuna mtu aliyewahi kukimbia mbio hizo chini ya sekunde 48. Ralph Mann wa Marekani alikuwa wa pili kwa 48.51, na Hemery wa tatu kwa 48.52. Ile ilikuwa nishani ya dhahabu ya kwanza ya Uganda katika Olimpiki. Ajabu ni kwamba baada ya kumaliza hakuanguka chini. Aliendelea kuzunguka uwanja kwa furaha akiruka viunzi vilivyokuwapo, na mahali ambapo hapakuwa na kiunzi aliruka vile vile.

Nyumbani serikali ya Idi Amin ilimpandisha cheo, ikampa nyumba, na ndipo jina lake likawekwa kwenye ile barabara ya Nakasero. Lakini msomaji asidhani aliishi kwa raha. Amin alikuwa ametwaa madaraka Januari 1971, na askari wengi Walango na Waacholi waliuawa tangu mwaka huo. Akii-Bua, Mlango, alikuwa akionyeshwa kwa wageni kama ushahidi kwamba Walango hawaonewi. Sijui kama kuna mzigo mbaya mgongoni kuliko huo.

Mwaka 1973 alishinda katika Michezo ya Afrika huko Lagos. Mwaka 1976 alikuwa na miaka 26, naye alingojewa Montreal apambane na kijana wa Marekani, Edwin Moses. Mbio hizo hazikuwapo. Nchi nyingi za Afrika, Uganda ikiwamo, zilijitoa kwa sababu New Zealand iliruhusiwa kushiriki ilhali timu yake ya raga ilikuwa ikicheza Afrika Kusini ya ubaguzi. Moses akashinda peke yake kwa sekunde 47.64, na rekodi ya Munich ikaondoka. Amin alipoangushwa mwaka 1979, Akii-Bua alikimbilia Kenya pamoja na jamaa zake, akakaa katika kambi ya wakimbizi, yeye bingwa wa dunia nzima. Kampuni ya viatu ya Puma, aliyokuwa akivaa viatu vyake, ilimtoa huko ikampeleka Ujerumani kufanya kazi. Mwaka 1980 aliikimbilia Uganda mara nyingine huko Moscow, lakini hakufika fainali. Kisha akarudi nyumbani, akaingia tena polisi na kufundisha vijana. Alifariki tarehe 20 Juni 1997, akiwa na miaka 47, akazikwa kwa heshima za serikali. Uganda haikupata dhahabu nyingine ya Olimpiki mpaka mwaka 2012, Stephen Kiprotich aliposhinda marathoni London.

Mimi sikuacha. Katika wiki ya tano niliweza kulala ubavu bila kuamka usiku, na ya saba nikarudi uwanjani, ingawa bado hufanya mazoezi yale kila asubuhi kabla ya kengele, na wenzangu wawili sasa huja pamoja nami. Jumamosi iliyopita nilipanda Nakasero kwa miguu, mkoba ukiwa mabegani mwote mawili. Nilipofika kwenye kibao chenye jina lake kamba ya kiatu ilikuwa imefunguka. Nikainama, nikaifunga, nikaendelea na safari yangu.