Harley Earl: Aliyeiuzia Marekani rangi, na namba zinazomsuta mwongo hadi leo

MAROBOTA ya katani yaliyosafirishwa kwa reli kutoka Korogwe hadi bandari ya Tanga katika miaka ya 1950 yalijulikana zaidi kwa kazi ya kamba. Lakini zile nyuzi fupi, zilizobaki baada ya nyuzi ndefu kupigwa brashi na kupangwa kwa madaraja, zilikuwa na kazi nyingine isiyoonekana kwa macho: kujazia magodoro na viti. Katika magari mengi ya Marekani ya zama hizo, juu ya springi za kiti lilitandikwa tabaka la katani, juu ya katani pamba, na juu ya pamba ndipo ilipokuja ngozi au kitambaa cha rangi.

Tanganyika ndiyo iliyoongoza duniani kwa zao hilo. Katika mashamba ya Korogwe, Handeni na Muheza walifanya kazi watu waliotoka Kigoma, Songea, Ruanda-Urundi na Msumbiji, wengi wakiletwa na SILABU, ofisi ya kuandikisha vibarua iliyoanzishwa na wenye mashamba mwaka 1944. Waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alipewa namba yake. Hawakuwa na njia ya kujua kilichofunika katani huko ng’ambo. Aliyekuwa na kauli kubwa juu ya jambo hilo, kwa zaidi ya miaka 30, alikuwa mtu mmoja mrefu, mpenda suti za rangi za kung’aa, mwenye kigugumizi na hasira za karibu. Jina lake Harley Earl.

Earl alizaliwa Novemba 22, 1893 huko Hollywood, California, kabla mji huo haujawa makao ya sinema. Baba yake alikuwa fundi wa magari ya farasi, naye alipoona farasi wanaanza kuachwa, alihamia kwenye mabodi ya magari ya injini. Kijana alipelekwa Chuo Kikuu cha Stanford lakini hakumaliza, alirudi karakanani. Waigizaji wa sinema walikuwa wameanza kuwa na fedha na hawakutaka kupanda gari linalofanana na la jirani. Earl aliwatengenezea mabodi ya peke yao, miongoni mwao Fatty Arbuckle, na Tom Mix, ambaye gari lake liliwekwa tandiko la farasi.

Wakati huo gari la kawaida halikuwa na mambo ya rangi. Kuanzia mwaka 1914 hadi 1925 Ford Model T ilitoka kiwandani ikiwa nyeusi tu. Rangi nyingine zilichukua siku nyingi kukauka, na kiwanda kinachotoa magari kwa maelfu hakiwezi kusubiri. Kilichofungua mlango ni rangi mpya za kupulizia zilizotoka katikati ya miaka ya 1920, ambazo zilikauka kwa saa chache.

Alfred Sloan, mkuu wa General Motors, aliuona mlango huo mapema. Mwaka 1927, baada ya Earl kusanifu gari la LaSalle lililopendwa mno, Sloan alimpa idara nzima na kuiita Idara ya Sanaa na Rangi. Mahandisi waliidharau. Kwao gari lilikuwa mashine, na huyu wa California alikuja kulipaka poda. Hata hivyo, Earl alikuwa na Sloan nyuma yake, na mwaka 1940 alipandishwa kuwa makamu wa rais wa kampuni, cheo ambacho msanifu wa magari hakuwahi kukipata kabla yake.

Ajabu ni kwamba mwenyewe hakuwa mchoraji hodari. Alikaa kitini, akaangalia gari la udongo wa kufinyangwa lenye ukubwa kamili, akaagiza mstari ushushwe kidogo au upandishwe, na watu wakafinyanga upya. Mengi yanayobeba jina lake yalitoka mikononi mwa watu ambao wanunuzi hawakuwajua kwa majina. Katika miaka ya 1950 aliajiri wanawake kadhaa, na kazi kubwa waliyopewa ilikuwa ya ndani ya gari: vitambaa, rangi za viti, mpangilio wa dashibodi. Alipoondoka yeye, wengi wao hawakudumu.

Mapenzi yake makubwa yalikuwa magari ya paa la kukunjwa. Mwaka 1938 alitengenezewa Buick Y-Job, gari ambalo halikukusudiwa kuuzwa bali kupima macho ya watu, lenye taa zinazojificha na paa linaloingia chini ya kifuniko cha chuma. Aliliendesha mwenyewe kwa miaka. Lililofuata, Le Sabre la mwaka 1951, lilikuwa na kifaa cha kunusa mvua. Matone yakianguka mwenye gari akiwa hayupo, paa lilijifunga lenyewe. Mapezi ya nyuma yaliyoonekana kwenye Cadillac ya mwaka 1948 aliyaiga kutoka ndege ya kivita ya Lockheed P-38.

Nyuma ya madoido hayo kulikuwa na hesabu baridi. Kila mwaka gari lilibadilishwa sura na rangi ili la mwaka uliopita lionekane la kizamani hata kama injini yake ni nzima. Hiyo ndiyo lawama anayostahili Earl, na haipunguzwi na uzuri wa kazi yake: alikuwa fundi wa kuwafanya watu wachoke na kitu kizima.

Mambo yaligeuka baada yake. Magari aliyotaka yachokwe haraka leo yanatunzwa kama vito, na mnunuzi hataki rangi nzuri tu, anataka rangi ileile ya kiwandani. Tofauti ya bei inaweza kufika maelfu ya dola. Gari la paa la kukunjwa ndilo lenye utata zaidi, kwa kuwa jua na mvua huua viti vyake mapema na wenye gari huvivisha upya, mara nyingi kwa rangi inayouzika kuliko ya kwanza.

Anayetaka ukweli hufungua boneti kwanza. Kwenye ukuta wa chuma unaotenga injini na abiria, magari mengi ya General Motors ya enzi hizo yana kibati chenye namba ya rangi ya nje na namba ya mapambo ya ndani. Namba hizo husomwa kwa kitabu cha mwaka uleule na aina ileile ya gari, maana zinaweza kubadilika maana mwaka unaofuata. Kibati nacho huweza kughushiwa, kwa hiyo fundi makini hatosheki nacho. Huchungulia chini ya dashibodi na chini ya zulia, mahali ambapo jua halikufika. Kisha hufumua kiti, akatafuta vipande vya kitambaa cha kwanza vilivyonaswa kwenye pete za waya, juu kidogo ya lile tabaka la katani.

Mara nyingine jibu ni jepesi. Corvette, gari la michezo ambalo Earl alilipigania hadi likaingia sokoni, lilianza kutengenezwa Juni 30, 1953 huko Flint, Michigan. Mwaka huo yalitoka magari 300 tu, na yote yalikuwa meupe nje, mekundu ndani, na paa jeusi. Anayeuza Corvette ya mwaka 1953 yenye viti vya rangi nyingine, akidai ni vya kiwandani, hapaswi kusikilizwa zaidi ya hapo. Mwaka 1954 mlango ulifunguliwa: ya buluu nje ilitoka na rangi ya mchanga ndani.

Earl alistaafu mwishoni mwa mwaka 1958, akamwachia nafasi Bill Mitchell, na akahamia Florida. Alifariki dunia Aprili 10, 1969 huko West Palm Beach, akiwa na umri wa miaka 75, baada ya kupatwa na kiharusi. Kufikia hapo sponji ilikuwa imeiondoa katani kwenye viti vya magari, na kamba za plastiki zilikuwa zimeanza kuiondoa kwenye mashamba ya Wamarekani. Bei ilikuwa imeporomoka. Serikali ilikuwa imechukua sehemu kubwa ya mashamba ya mkonge mwaka 1967, na zile treni za marobota kutoka Korogwe zikaanza kupungua.