Hakuwa Dokta, Lakini Ndiye Aliishika TB ya Wajir: Stori ya Annalena Tonelli

Wasee, tuwekane rada kwanza. Annalena Tonelli hakuwa dokta. Hakuwa sista wa kanisa pia, vile wengi hudhani wakiona picha zake amejifunga kitambaa kichwani. Huyu mama alisomea sheria. Alizaliwa tarehe 2 Aprili 1943 huko Forlì, Italia, akasoma Bologna, akapata digrii yake safi kabisa, halafu akaachana na mambo ya uloya akaja Kenya. Mimi koleji niliiacha katikati, so stori ya mtu aliye na karatasi moja halafu anaishia kufanya kazi ingine kabisa, tena fiti kushinda wenye karatasi zake, lazima initege.

Alitua Kenya mwanzo wa 1969, akiwa na miaka 25. Kwanza alikuwa odijo huko Chinga, upande wa Nyeri. Baridi, chai, milima. Angeweza kutulia hapo. 1970 akapanda kwenda Wajir, bado kama mwalimu wa sekondari.

Sasa kama hujawahi enda upande ule, cheki. Unatoka Nairobi, unavuka mto Tana, unaingia Garissa, ambayo hizo enzi ndiyo ilikuwa makao makuu ya mkoa wote wa North Eastern. Wengi walidhani hapo ndio mwisho wa Kenya. Kutoka Garissa bado kuna zaidi ya kilomita 300 hadi Wajir, na hiyo ilikuwa barabara ya mchanga: mvua ikinyesha lori inakwama, jua likiwaka lori inachemka. Vita ya Shifta ilikuwa imeisha 1967 tu. Gava bado ilikuwa imeacha sheria za hali ya hatari mkoa mzima, na hazikutolewa hadi 1991. Yaani karao au mwanajeshi angeweza kukushika kule kwa kitu ambacho Nairobi hakuna mtu angekuuliza.

Na Wajir kulikuwa na TB. Si kidogo.

Kifua kikuu kwa wafugaji wa Kisomali hakikuwa ugonjwa wa kutangaza. Kwanza kilikuwa aibu. Ukijulikana unacho, watu hawali na wewe, mtoto wako haolewi, na wewe mwenyewe unaanza kukaa mbali na familia kabla hata wakufukuze. Ndiyo maana mtu angekohoa damu mwaka mzima na ukimuuliza anakwambia ni vumbi. Hapo ndipo kazi ya kutambua huu ugonjwa inaanza kuwa ngumu, kabla hata ufike kwa darubini.

Tuseme sasa amekubali kuja. Ni mwembamba, anatoa jasho usiku, ana homa inayokuja na kwenda. TB? Pengine. Lakini kule watu wanakunywa maziwa ya ngamia bila kuchemsha, na kuna ugonjwa wa brusela unaotoka kwa mifugo, nao unaleta homa na jasho karibu vile vile. Njaa pia inakondesha, na ukame Wajir si mgeni. Kipimo cha uhakika siku hizo kilikuwa makohozi: unampa mgonjwa kikopo, anakohoa kutoka ndani kabisa ya kifua, si mate ya mdomoni, unapaka kwa kioo, unatia rangi, unaweka chini ya darubini. Ukiona vijiti vyekundu, huyo ana TB na anaipitisha kwa wengine. Mtoto mdogo naye hawezi kutoa makohozi. Halafu kuna TB inayohepa mapafu kabisa na kwenda kwa uti wa mgongo, mtoto anaota kibyongo na makohozi yake hayaonyeshi kitu.

Annalena alianza kwa kukaa na wagonjwa tu. Aliwalisha, akawaosha, akajifunza Kisomali. Mwanzoni wengi hawakumtaka hata kidogo. Ni mzungu, ni Mkristo, hana mume, hana mtoto, na kwa jamii ile mwanamke wa hivyo hakueleweka. Hakujibu kwa kuhubiri. Alilala chini kama wao, akala chakula cha kawaida, mwaka ukaisha na mwingine ukaja. Maria Teresa Battistini na wanawake wengine wachache wakajiunga naye, wakafungua kituo cha watoto walemavu: wa polio, viziwi, vipofu, waliotupwa. Baadaye alirudi darasani pia, akachukua diploma za kudhibiti TB, magonjwa ya nchi za joto na ukoma. Kwa hivyo si ati alikuwa anabahatisha. Alijua anachofanya, ila hakuwahi kuitwa dokta.

Sasa tufike kwa kile kitu chenyewe.

Dawa za TB zilikuwepo. Shida ya Wajir haikuwa dawa. Matibabu ya kawaida Afrika Mashariki yalikuwa yanachukua karibu miezi 18 ya vidonge, na mwanzo kuna sindano za streptomycin. Fikiria wewe mwenyewe, hapo kwa mtaa wako, ukiambiwa umeze dawa kila siku mwaka na nusu. Utamaliza? Wengi hushindwa kumaliza za siku 5 za koo. Na TB ina ujanja mbaya: baada ya wiki chache unajisikia poa, kikohozi kinapungua, unarudisha kilo, unaona umepona. Bado. Wale wadudu wamebaki wachache tu, na wale wagumu ndio hubaki. Ukiacha hapo wanarudi, na safari hii wanaweza kuwa wameizoea ile dawa ya kwanza.

Ongeza hapo maisha ya kufuata mvua. Msee amekuja Wajir na kikohozi, amelazwa. Mwezi wa pili anasikia mvua imenyesha upande wa Habaswein au kule mpakani, ngamia wanahama, familia inahama. Atafanya nini? Kulala wodini akisubiri kidonge na mali yake inatembea? Anahama. Ukimlaumu ni kama kumwambia mwenye duka aache duka wazi nusu mwaka akapumzike. Na bado hospitali nyingi zilikuwa zinaandika tu kwa faili kwamba mgonjwa alitoroka.

Miaka ya 70 mwanzoni, majaribio yaliyofanywa hapa hapa kwetu, Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, pamoja na watafiti wa Uingereza, yalionyesha kwamba ukichanganya dawa mpya kama rifampicin, miezi 6 inatosha. Hiyo ilikuwa kubwa. Kutoka 18 hadi 6. Lakini miezi 6 bado ni misimu miwili ya mvua na kiangazi katikati.

1976 Annalena akapewa kusimamia mradi wa majaribio wa Shirika la Afya Duniani wa kutibu TB kwa wafugaji wanaohama. Na alichofanya, ukikiangalia, ni rahisi hadi unajiuliza mbona hakuna mtu alikuwa amekifikiria. Hakuwaambia waje walale kwa vitanda vya chuma. Aliwaambia waje na nyumba zao. Mfugaji wa Kisomali keja yake ni ya mikeka na miti ya kupinda, inabebwa na ngamia, wanawake wanaisimamisha wakifika. Basi ijengeni hapa mbele ya kituo, akawaambia, mkae miezi 6, mle pamoja, mpike chakula chenu, mswali, na kila siku mje mmeze dawa mbele yetu tukiona. Ndiyo ikaitwa TB Manyatta.

Angalia vile hiyo kitu moja inapiga shida tatu kwa mpigo. Kuhepa kunapungua, ju hujafungiwa, uko kwako. Dawa haipotei wala haiuzwi, ju unameza mbele ya mtu. Na ile aibu inaanza kuyeyuka, ju jirani yako wa kushoto ana TB, wa kulia ana TB, na yule mzee aliyekuja amebebwa mwezi wa kwanza sasa anatembea mwenyewe kwenda kisimani. Hakuna bango linaweza kufunza hivyo.

Hapa lazima niingilie kidogo, ju kuna watu huandika ati Annalena peke yake ndiye alivumbua mfumo wa kumeza dawa ukisimamiwa, ule dunia yote ilikuja kuita DOTS. Pole pole. Kusimamia mgonjwa akimeza kulikuwa kumejaribiwa India na Hong Kong kabla yake. Na miaka hiyo hiyo ya 70, hapo jirani Tanzania, Karel Styblo alikuwa anajenga mpango wa nchi nzima, na huo ndio Shirika la Afya Duniani liliegemea sana lilipotangaza TB ni dharura ya dunia 1993 na kusukuma DOTS miaka iliyofuata. Chenye hakuna mtu anaweza kumnyang'anya Annalena ni hiki: alionyesha kwamba hata mtu asiye na anwani, anayehama na mvua, anaweza kumaliza dawa. Wakubwa wengi walikuwa wameshakata tamaa na wafugaji. Yeye aliona shida iko kwa hospitali, si kwa mfugaji. Kwangu hiyo ni kubwa kuliko kugombania nani alikuwa wa kwanza.

Halafu 1984 ikafika.

Garissa ilikuwa imeshaonja moto 1980, ile ya Bulla Karatasi. Wajir zamu yake ilikuja tarehe 10 Februari 1984. Wanajeshi walikusanya wanaume wa ukoo wa Degodia, wakawapeleka uwanja wa ndege wa Wagalla, karibu kilomita 15 kutoka mjini. Waliwekwa hapo siku kadhaa, bila maji, bila chakula, juani. Waliojaribu kukimbia walipigwa risasi. Gava kwa miaka mingi ilisema waliokufa ni 57. Walionusurika wanahesabu kwa mamia, wengine kwa maelfu.

Annalena na wenzake walitoka na gari kuingia msituni, wakitafuta waliojeruhiwa na kuokota maiti.  Alipigwa kwa hilo. Hakuacha. Akaandika majina, picha zikapigwa, na habari zikatoka hadi Nairobi, kwa Barbara Lefkow, mke wa mwanadiplomasia Mmarekani, aliyezifikisha kwa mabalozi. Bungeni, Ahmed Khalif, mbunge wa Wajir West, akasimama akaitaja Wagalla wakati wengi walikuwa wanaogopa hata kunong'ona. Watu wa kule wanaamini kelele hizo ndizo zilisimamisha kazi isiendelee.

Malipo yake? Mwaka uliofuata Kenya ilimtoa. Miaka 15 Wajir, na akafungishiwa virago na gava ambayo ilikuwa inafaidika na kila mgonjwa aliyepona pale.

Somalia nitapita haraka, si ju ilikuwa rahisi, ni ju ingetaka stori nzima yake. Alifanya kazi Beledweyne, Mogadishu wakati vita na njaa vimeshika, na Merca. Alipigwa, aliibiwa, alitekwa. Alipoondoka Merca, dokta Mtaliano mwenzake, Graziella Fumagalli, akashika ile hospitali ya TB, na Oktoba 1995 akapigwa risasi akafa. Mtu mwingine angerudi Italia. Annalena akaenda Borama, Somaliland, 1996, akaanza tena: hospitali ya TB yenye mamia ya wagonjwa, masomo ya kusoma na Kurani kwa waliolazwa, ju miezi 6 ni mirefu, shule ya viziwi, wapasuaji wa macho wa kutoka nje, na kampeni dhidi ya kukeketa wasichana.

Kilichomletea maadui zaidi ni ukimwi. Ukitibu TB miaka hiyo, huwezi kuepuka HIV, ju kirusi kinaangusha kinga na TB iliyokuwa imelala kifuani inaamka. Anayetibu moja bila kupima nyingine anajidanganya. Annalena hakutaka kujidanganya, so akapima na akahudumia. Lakini mjini ikaenea kwamba yeye ndiye ameleta ukimwi. Ile aibu aliyoiyeyusha Wajir kwa TB alikutana nayo tena, ikiwa na jina jipya, na safari hii ilirusha mawe hospitalini.

Juni 2003 Umoja wa Mataifa, kupitia shirika la wakimbizi, ulimpa tuzo ya Nansen kule Geneva, dola 100,000. Hakuwa mtu wa majukwaa, na ghafla jina lake likawa kila mahali. Alirudi Borama. Jumapili ya tarehe 5 Oktoba, jioni, ndani ya hospitali aliyoijenga, alipigwa risasi kichwani. Alikuwa na miaka 60. Wiki mbili baadaye walimu wawili Waingereza, mume na mke, nao wakauawa Sheikh, hapo hapo Somaliland.

Siku hizi makohozi yanaingia kwa mashine ya GeneXpert, na kwa kama saa 2 inakuambia kama ni TB na kama rifampicin bado itaishika. Dawa ni bure hospitali za umma. Lakini kozi ya kawaida bado ni ile ile miezi 6, na ngamia bado wanahama mvua ikinyesha. Na Wajir bado kuna mahali panaitwa TB Manyatta.