Savitri: Nyota wa 'Devadasu' aliyeangushwa na chupa
Kama wewe ni mpenzi wa muvi za mahaba, basi mjue Savitri, malkia wa sinema za Kitelugu nchini India. Alipoanza, alipokonywa nafasi kuu katika 'Samsaram' (1950) kwa kukosea kosea mbele ya kamera. Hakufa moyo. Mwaka 1953 aling'aa kama Parvati katika 'Devadasu', kisa cha kijana anayenyimwa mpenzi wake na kujimaliza kwa pombe.

Usidhani hayo ni ya sinema tu. Ndoa yake na mwigizaji Gemini Ganesan, aliyekuwa tayari na mke, ilipovunjika, Savitri naye aligeukia chupa. Pesa zikayeyuka. Alifariki Desemba 26, 1981, baada ya miezi 19 bila fahamu. Itafute 'Mahanati' (2018), filamu ya maisha yake, ujionee.