Mary Ainsworth: Mtaalamu aliyefunzwa ulezi na akina mama wa Buganda

Jina la Mary Ainsworth halikosi katika masomo ya saikolojia ya watoto, lakini wengi wanaolisoma hawaambiwi kwamba kazi yake kubwa ilianzia hapa kwetu, katika vijiji vya jirani na Kampala. Nimeona nimsimulie leo kwa kuwa wasomaji wangu wengi ni watu wa njiani. Wengine mmerudi nyumbani baada ya miaka ya ukimbizi, wengine mnavuka mpaka kila wiki na mzigo, huku mtoto mchanga amebaki kwa bibi.

Alizaliwa tarehe 1 Desemba 1913 katika jimbo la Ohio, Marekani, akiitwa Mary Salter. Alikuwa bado mdogo sana familia ilipohamia Toronto, Kanada. Aliingia chuo kikuu akiwa na miaka 16, akapata shahada ya udaktari mwaka 1939, na wakati wa Vita Kuu ya Pili alitumikia jeshi la wanawake la Kanada hadi cheo cha meja. Mwaka 1950 aliolewa na Leonard Ainsworth, wakahamia London. Huko aliitikia tangazo la kazi gazetini (sisi wa magazeti tunapenda habari kama hizi), na ndivyo alivyofika kwa daktari John Bowlby, aliyekuwa akichunguza yanayompata mtoto anapotenganishwa na mama yake. Bowlby aliamini kwamba mtoto huzaliwa na hamu ya kushikamana na mlezi. Mary alikuwa na shaka. Wataalamu wengi wa siku zile waliona kwamba mtoto humpenda mama kwa sababu ya maziwa tu.

Mwanzoni mwa 1954 mumewe alipata kazi katika taasisi ya utafiti wa jamii pale Makerere. Hali ilikuwa ngumu. Gavana wa Kiingereza alikuwa amempeleka Kabaka Mutesa wa Pili uhamishoni Novemba 1953, na Kabaka hakurudi hadi Oktoba 1955. Kwa mzungu kubisha hodi kwenye nyumba za Waganda katika miezi hiyo na kuomba kuketi kutazama watoto, naona ilihitaji moyo. Alijifunza Kiganda kidogo, akapata mkalimani mwanamke, na familia 26 zikamkubalia. Walikuwepo watoto wachanga 28. Kila baada ya wiki mbili hivi alikwenda, akakaa karibu saa mbili, na kazi hiyo iliendelea kwa miezi kama tisa.

Aliyoyaona yaliondoa shaka yake. Mtoto anayetambaa alimwacha mama, akaenda kuchunguza kibuyu au kuku mlangoni, akageuka kumtazama mama, akarudi kidogo, kisha akaenda tena. Mama alikuwa kama kituo cha kuanzia safari. Mama akitoka chumbani, mtoto alilia au alimfuata; akirudi, wapo waliompigia makofi ya furaha. Tena watoto hawakushikamana na mama peke yake. Wapo waliompenda pia baba, bibi au dada mkubwa, na Mary hakuona kwamba wingi wa walezi ulimharibu mtoto.

Lakini watoto hawakuwa sawa. Wengine walilia hata wakiwa mikononi mwa mama. Wachache hawakuonyesha dalili ya kumtofautisha mama na mtu mwingine, na hao ndio walioachwa peke yao kwa saa nyingi. Mary alipowauliza akina mama habari za watoto wao, aligundua jambo ambalo mimi naliona ndilo kiini cha kazi yake yote. Mama aliyeweza kueleza mambo madogo madogo ya mwanawe, yaani kinachomchekesha, kilio chake cha njaa na kile cha usingizi, ndiye aliyekuwa na mtoto mtulivu. Muda wa kuwa pamoja ulikuwa na uzito wake, kwa kuwa huwezi kumjua usiyemwona. Hata hivyo, kumwona bila kumsoma hakukutosha.

Mwishoni mwa 1955 walihamia Baltimore, Marekani. Ndoa ilivunjika mwaka 1960, jambo lililomuumiza sana. Kuanzia 1963 alirudia kazi ileile katika familia 26 za huko. Watoto wa Baltimore hawakushtuka sana mama akitoka chumbani, kwa kuwa walikwisha zoea. Basi akabuni jaribio la dakika 20 katika chumba kigeni: mama anatoka, mgeni anaingia, mama anarudi. Alichopima zaidi ni namna mtoto anavyompokea mama anaporudi. Kitabu chake cha Uganda kilitoka mwaka 1967.

Jaribio hilo lilikuja kuwasaidia hata wazazi wa watoto wenye usonji. Kwa miaka mingi mama zao walilaumiwa kwamba ubaridi wao ndio ulioleta hali hiyo, na watoto wenyewe wakadhaniwa hawajui kupenda. Kuanzia miaka ya 1980 watafiti waliwapima kwa njia ya namna hiyo, wakaona wengi wao humtofautisha mama na mgeni na humsogelea anaporudi, ingawa ishara zao ni ngumu zaidi kusoma.

Mary Ainsworth alifariki tarehe 21 Machi 1999 huko Virginia akiwa na miaka 85. Hakujaliwa mtoto wa kumzaa. Wale 28 wa Buganda, walio hai, sasa wamepita miaka 70.