Rachel Carson na gharama ya dawa iliyoingia mtoni

Rachel Carson alizaliwa Mei 27, 1907, kwenye shamba la familia huko Springdale, Pennsylvania, Marekani. Mwaka 1932 alipata shahada ya pili ya elimu ya wanyama katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, kisha akaajiriwa na idara ya uvuvi ya serikali. Kitabu chake kuhusu bahari kilipomwingizia fedha za kutosha, aliacha kazi mwaka 1952 ili aandike.

Jina lake lilivuma duniani mwaka 1962 kilipotoka kitabu cha Silent Spring. Wengi hukikumbuka kwa habari za ndege na DDT. Kwa mkulima, habari za mito ndizo nzito zaidi.

Humo alieleza yaliyotokea kaskazini mwa Alabama mwaka 1950. Wakulima wa pamba, baada ya kuvamiwa na wadudu, walipuliza toksafini. Mvua ikaiosha, nao wakaongeza nyingine. Kwa wastani ekari moja ilipata ratili 63, yaani karibu kilo 29! Dawa ikateremka vijitoni, samaki wakafa kwa wingi. Mkulima alilipia dawa dukani, lakini hasara ya samaki haikuingia katika bei ya pamba. Ililipwa na waliokuwa chini ya mto.

Carson hakutaka dawa zote zipigwe marufuku, ingawa wapinzani walimzushia hivyo. Viwanda vya kemikali vilimshambulia vikali, lakini mwaka 1963 jopo la wanasayansi wa Rais Kennedy lilimuunga mkono kwa sehemu kubwa. Wakati huo saratani ya matiti ilikuwa ikimmaliza, na waliojua ni wachache. Alifariki Aprili 14, 1964, akiwa na miaka 56. Marekani ilipiga marufuku DDT mashambani mwaka 1972.

Baada yake watafiti waligeukia vyura, ambao ngozi yao hupitisha maji na mayai yao hayana ganda. Mwaka 2002 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waliripoti kuwa atrazini, dawa ya magugu ya mahindi, hata sehemu 0.1 tu kwa bilioni majini, iliharibu viungo vya uzazi vya viluwiluwi. Mtengenezaji alipinga, na tafiti nyingine hazikuona athari hiyo.

Sheria ya maji ya Marekani ya mwaka 1972 ilibana mabomba ya viwanda. Maji ya mvua yanayotiririka kutoka mashambani hayahitaji kibali.