Emil Wiechert: Aliyeituliza mashine ili ardhi isikike

Mashariki ya Yeoville, mtaa wa Johannesburg ambao tangu miaka ya 1990 umewapokea wahamiaji wengi kutoka Congo na kwingineko barani Afrika, kuna kilima chenye kituo cha zamani cha kuchunguzia nyota.

Mwaka 1910 kituoni hapo kilifungwa kipimatetemeko cha Kijerumani chenye uzito wa kilo 200, ili kiandike mitikisiko iliyokuwa ikiwasumbua wakazi wa mji huo wa dhahabu.

Aliyekibuni ni Emil Wiechert, mwanafizikia aliyetambua kwamba chombo kisichoweza kutulia hakiwezi kuaminiwa.

Mwana wa mjane

Wiechert alizaliwa tarehe 26 Desemba 1861 huko Tilsit, Prussia Mashariki, mji ambao leo umo Urusi na unaitwa Sovetsk. Baba yake, mfanyabiashara, alifariki Emil angali mdogo. Mama yake akahamia naye Königsberg, ambako alipata shahada ya udaktari mwaka 1889.

Januari 1897 alieleza hadharani kwamba kuna chembe nyepesi mno kuliko atomu ya haidrojeni. Miezi michache baadaye Mwingereza J. J. Thomson alitangaza matokeo kama hayo, na ndiye anayekumbukwa kuwa mgunduzi wa elektroni.

Mwaka huohuo Wiechert alihamia Göttingen, na mwaka 1898 akawa profesa wa jiofizikia, wadhifa unaohesabiwa kuwa wa kwanza wa aina yake duniani.

Uzito usiotulia

Kipimatetemeko ni uzito mkubwa unaoning'inia au kusimamishwa kwa namna ya kuyumba. Ardhi ikitikisika uzito hubaki nyuma, na sindano huichora tofauti hiyo.

Tatizo ni kwamba uzito ukishaanza kuyumba huendelea wenyewe. Dereva wa daladala au matatu yenye shokapu zilizochoka analijua jambo hilo: tuta limepitwa, gari bado linadunda. Hivyo karatasi ilijaa mayumbo ya chombo, si habari za ardhi.

Baada ya kuvichunguza vyombo vya Italia mwaka 1899, Wiechert aliunganisha uzito na pistoni iendayo ndani ya silinda yenye hewa. Kadiri uzito unavyokwenda kasi, ndivyo hewa inavyouzuia zaidi, na yumbo hufifia upesi.

Kulikuwa pia na msuguano mkavu wa sindano juu ya karatasi iliyopakwa masizi. Huo haubadiliki na kasi; humeza mitikisiko midogo. Ili kuushinda alitumia uzito wa kilo 1,000, na baadaye tani 17. Mrusi Boris Galitzin alifuata njia ya tatu: bamba la shaba likipita kati ya sumaku huzuiwa na umeme unaozaliwa ndani yake.

Kazi yote imo katika kadiri. Uzito ukizuiwa kidogo mno, hucheza bila kukoma. Ukizuiwa kupita kiasi, hujikokota na kuikosa mitikisiko ya haraka. Kati ya hali hizo mbili upo mpaka ambapo uzito hurejea mahali pake upesi kuliko kote bila kuyumba tena.

Nani anaitikisa Johannesburg?

Mwaka 1908 kamati ilichunguza malalamiko ya wakazi wa Ophirton, kusini mwa kitovu cha Johannesburg. Ilieleza kwamba nguzo za miamba zilizoachwa migodini zilikuwa zikilemewa na kuvunjika ghafla.

Miaka miwili baadaye kipimatetemeko cha Wiechert kikaanza kuandika usiku na mchana, bila kutegemea kumbukumbu za watu walioamshwa usingizini. Kamati nyingine, iliyoundwa mwaka 1915, nayo ilihitimisha kwamba chanzo ni migodi na uchimbaji wake.

Moyo wa dunia

Vyombo vya Göttingen vilinasa tetemeko la San Francisco la Aprili 1906, umbali wa takribani kilomita 9,000. Tangu mwaka 1896 Wiechert alishasema kwamba dunia ina kiini cha chuma. Mwanafunzi wake, Beno Gutenberg, ndiye aliyekokotoa kwamba kiini hicho kinaanzia kina cha takribani kilomita 2,900.

Wiechert alifariki Göttingen tarehe 19 Machi 1928, akiwa na umri wa miaka 66. Vipimatetemeko vya leo ni vya elektroniki na havina masizi, lakini navyo hulazimika kutulizwa kabla ya ushahidi wao kukubaliwa.