Bibi Titi Mohamed (1926–2000): Jirani Aliyewaamsha Wanawake wa Mji

Usharika hauishi peke yake. Huishi ndani ya mtaa. Kariakoo, mahali palipopata jina kutokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza wa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Wakristo na Waislamu wamekaa ukuta kwa ukuta, wamenunua sokoni pamoja na wamezikana. Haitakuwa haki, basi, kuadhimisha miaka mia ya kazi ya Mungu mahali hapa bila kumkumbuka mama mmoja wa Kiislamu ambaye sauti yake ilisikika Mnazi Mmoja na katika vichochoro vyote vinavyopakana na uwanja huo.

Bibi Titi Mohamed alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926. Baba yake hakupenda binti aende shule. Baada ya baba kufariki, mama yake alimpeleka, naye akasoma hadi darasa la nne. Aliolewa angali binti mdogo. Elimu yake iliyofuata aliipata katika ngoma za akina mama, alikokuwa kiongozi wa waimbaji wa kikundi kilichoitwa Bomba. Mtu wa nje angeviona vikundi hivyo kuwa ni starehe na mapambo tu: doti za khanga za sare, nyimbo na mashindano. Lakini humo mwanamke alijifunza kutunza fedha za wenzake, kupatanisha waliogombana, kukumbuka maneno mengi bila kuyasoma, na kusimama mbele ya watu bila woga. Bibi Titi alijifunza hayo yote.

Chama cha TANU kilipoanzishwa tarehe 7 Julai 1954, ofisi yake ilikuwa New Street, mtaa ambao baadaye uliitwa Lumumba, hapa hapa Kariakoo. Viongozi wake walikuwa wanaume watupu. Mwaka 1955 John Hatch, mjumbe wa chama cha Labour cha Uingereza, alipotembelea nchi, aliuliza iko wapi sehemu ya wanawake. Haikuwapo. Wazee wa chama wakamwendea Bibi Titi, baada ya kupata kwanza ridhaa ya mumewe, kama ilivyokuwa desturi. Kadi yake ya uanachama ilikuwa namba 16.

Hakuanza na hotuba. Alianza kwa kuwaita viongozi wa vikundi vya ngoma, kwa kuwa alijua kwamba akimpata kiongozi atakuwa amewapata na wanachama wake. Katika miezi michache wanawake wapatao 5,000 walikuwa wamejiandikisha. Walikuwamo wauza maandazi na wapika pombe, na wake waliokaa ndani, ambao baadhi yao walificha kadi zao waume wasizione. Aliyeishia darasa la nne akawa mwalimu wa watu wengi, akizunguka nchi pamoja na Mwalimu Julius Nyerere, ambaye mwaka huo huo wa 1955 aliacha kazi ya kufundisha Pugu ili aitumikie TANU.

Baada ya uhuru wa tarehe 9 Desemba 1961 alitumika kama Mbunge wa Rufiji na Waziri Mdogo wa Maendeleo ya Jamii. Umoja wa Wanawake wa Tanganyika ulipoundwa mwaka 1962, yeye alikuwa mwenyekiti wake wa kwanza.

Kisha zikaja siku za giza. Mwaka 1965 alishindwa katika uchaguzi wa ubunge. Mwaka 1967 Azimio la Arusha liliwakataza viongozi kupangisha nyumba. Bibi Titi, ambaye alikuwa na nyumba za kupangisha, hakukubaliana na sharti hilo, akajiuzulu uongozi. Mnamo Oktoba 1969 alikamatwa kwa tuhuma za uhaini, na mwaka 1971 mahakama ilimtia hatiani na kumhukumu kifungo cha maisha. Yeye alishikilia siku zote kwamba hakuwa na hatia. Aliachiliwa kwa msamaha wa Rais mwaka 1972. Alitoka akiwa hana mume, kwa maana alikwisha kupewa talaka, na wengi waliokuwa wakijaza baraza lake hawakuonekana tena.

Hapo ndipo maisha yake yanapowauliza swali majirani zake wote, wakiwamo waliokuwa wakienda kanisani kila Jumapili. Ni rahisi kumshangilia mtu akiwa jukwaani, na ni vigumu kumbishia hodi akiwa ametoka gerezani. Kanisa linafundisha kwamba Bwana atawauliza watu wake habari za wafungwa waliowatembelea. Halifundishi kwamba kwanza waulize kama mfungwa alistahili kifungo, wala ni wa dini gani.

Taifa lilimrudishia heshima taratibu. Katika maadhimisho ya miaka thelathini ya uhuru, mwaka 1991, alitajwa tena hadharani kuwa shujaa. Alifariki tarehe 5 Novemba 2000 katika hospitali moja ya Johannesburg, Afrika Kusini. Barabara kubwa inayopita kando ya Mnazi Mmoja inaitwa kwa jina lake, na washarika wengi huivuka wakienda mjini na kurudi. Waivukapo wamshukuru Mungu kwa ajili ya jirani huyo, na wajiulize ni nani mtaani leo anayengoja kubishiwa hodi.